Ukumbi wa "basilika" Arusha: nguzo wameweka, madirisha wamesahau

Kwenye kikao cha kamati ya harusi, swali la kwanza halikuhusu bei. Baba mkubwa wa bwana harusi, mzee wa kanisa asiyetaka mzaha, alishika kipeperushi cha ukumbi, akasoma kwa sauti "mtindo wa basilika ya Kirumi", kisha akavua miwani. "Sasa hapo mbege itaingia? Na bia je? Basilika si kanisa hiyo?" Kamati nzima ikanigeukia mimi, mama mdogo wa bwana harusi. Nilifundisha ujenzi na uchoraji wa ramani katika shule ya ufundi mpaka nikastaafu, ila ukoo huu haujawahi kunistaafisha maswali.

Nikamwambia, shemeji, tulia. Basilika ilikuwa ukumbi wa biashara na mahakama kwa karne tano hivi kabla Wakristo hawajaichukua. Ya kwanza inayojulikana kwa jina ni Basilica Porcia, aliyoijenga Marcus Porcius Cato pale Roma mwaka 184 KK, kando ya uwanja mkuu wa mji. Humo watu walikopeshana fedha, wakashtakiana, wakapigana bei, wakajikinga na mvua. Mbege haitavunja mwiko wowote wa jengo. Mzee akavaa miwani yake. "Haya, bei?"

Milioni tatu na nusu kwa siku, pamoja na viti, meza na jenereta. Chakula, mapambo na muziki ni juu yako. Kwa Arusha ya sasa, ukumbi wa watu 500 kwa bei hiyo si ghali, ndiyo maana kamati ilipitisha bila kelele. Jina lake silitaji, maana nina lawama nazo za kusema. Uko upande wa kutokea mjini kwenda Usa River, na nguzo zake nyeupe zinaonekana tangu barabarani. Niliukagua na tepu yangu kabla hatujalipa kianzio, kisha nikakaa ndani yake siku ya harusi tangu wapambaji walipoingia hadi shangazi wa mwisho alipopandishwa kwenye Noah.

Nianze na ramani, kwa sababu ramani ni nzuri. Ndani ni mita 40 kwa 20. Katikati kuna uwanda wa mita 11, na kila upande kuna ubavu wa mita nne na nusu, uliotengwa na uwanda huo kwa safu ya nguzo. Vitruvius, msanifu wa Kirumi aliyeandika vitabu kumi vya ujenzi zama za mfalme Augustus, anashauri kwamba upana wa basilika usipungue theluthi ya urefu wake wala usizidi nusu. Hawa wamesimama kwenye nusu kamili. Nikampongeza meneja, kijana mpole aliyekuwa anashika ncha ya tepu kwa heshima zote. "Mwalimu, kusema ukweli tulifuata kiwanja kilivyo." Sawa, kiwanja kilikuwa na akili.

Mbavu zile za pembeni zinafanya kazi yake vizuri kuliko ukumbi wowote niliowahi kuhudhuria mjini hapa. Wahudumu walipita na masinia ubavuni, hakuna aliyekatiza mbele ya meza kuu. Matarumbeta waliingia katikati wakiwa wamejipanga mistari minne, wakageuka wakatoka bila kumgonga mtu. Ndafu ilipoletwa imebebwa, msafara ulikuwa na nafasi ya kucheza. Basilika za Roma zilipangwa kwa ajili ya msongamano wa namna hii hii: walio na shughuli kubwa katikati, wapitaji na wachuuzi pembeni, kila mmoja na njia yake. Kwenye sakafu na ngazi za Basilica Julia, ile aliyoianzisha Julius Caesar na kumaliziwa na Augustus, hadi leo kuna mistari ya michezo ya ubao iliyokwaruzwa kwenye marumaru na watu waliokuwa wanasubiri kesi zao au hawana kazi. Hapa watoto wetu walichora kwa kalamu ya mdomo ya mtu fulani. Vigae vinafutika.

Sasa nguzo. Ziko tisa kila upande, nyeupe, zina mifereji ya kusimama na vichwa vya majani kama inavyostahili. Niligonga ya kwanza kwa kidole, ikaita. Niligonga ya pili, hivyo hivyo. Ni bomba la chuma jembamba limezungushiwa jipsamu. Wengine wangekasirika hapo, mimi sikukasirika, kwa sababu Warumi nao walikuwa wanapaka. Basilika ya Pompeii, ya karne ya pili KK, ina nguzo kubwa 28 kuzunguka uwanda wa kati, na nguzo hizo ni za tofali zilizofinyangwa maalumu kwa umbo lake, zikakandikwa lipu ya chokaa ili zionekane za mawe. Lipu ilipobanduka tofali zikajitokeza, na leo mtalii yeyote anaziona. Si kila basilika ilikuwa na pesa ya mfalme Trajan, ambaye kwa Basilica Ulpia, iliyozinduliwa mwaka 112, aliagiza nguzo za granaiti nzimanzima kutoka Misri, zikavushwa baharini.

Kinachonikera ni kitu kingine kabisa. Kule kwenye roshani ya dijei kuna kipande cha dari kilichofunguka, nikachungulia na tochi ya simu. Kenchi, zile fremu zinazobeba paa, ni za chuma, nzuri, zimeungwa kwa ustadi, na zinatoka ukuta wa nje mpaka ukuta wa nje. Mita zote 20. Hazigusi nguzo hata moja. Maana yake nguzo kumi na nane zile hazibebi kitu. Ukizing'oa usiku wa leo, kesho ukumbi uko pale pale, na bibi yetu aliyeketishwa nyuma ya nguzo ya tatu angeona keki ikikatwa kwa macho yake badala ya kuitazama kwenye televisheni.

Hapo ndipo ilipo hoja yangu yote kuhusu ukumbi huu, kwa hiyo mnivumilie niieleze taratibu kama darasani.

Kwenye basilika ya Kirumi ya paa la mbao, nguzo hazikuwekwa kwa ajili ya picha za harusi. Ziliwekwa ili ukuta wa juu upate pa kukaa. Fikiria unasimamisha safu mbili za nguzo, juu yake unalaza mihimili, juu ya mihimili unapandisha ukuta. Ukuta huo unapita juu ya paa za mbavu, ambazo ni fupi, kisha ndiyo unaweka paa la katikati. Sasa kati ya paa la chini na paa la juu umebaki ukuta mtupu pande zote mbili, na humo ndimo madirisha yanapokaa. Mwanga unashuka katikati ya ukumbi kutoka juu, mahali ambapo hakuna jengo la jirani wala mti wa kuuzuia. Hewa ya moto, ambayo siku zote hupanda, inakuta pa kutokea. Ukumbi wa upana wa mita 50 au 60 huwezi kuuangazia kwa madirisha ya pembeni peke yake, mtu wa katikati atakaa gizani. Warumi walilitatua hilo bila umeme, kwa kupandisha katikati.

Vitruvius mwenyewe alijenga basilika moja katika mji wa Fano, pwani ya Adriatiki, na vipimo vyake kavitaja: uwanda wa kati futi za Kirumi 120 kwa 60, nguzo za kimo cha futi 50 na unene wa futi tano. Futi yao inakaribia sentimita 30, kwa hiyo sema nguzo za mita 15 kasoro kidogo. Juu yake alizungusha mihimili ya magogo matatu ya futi mbili mbili yaliyofungwa pamoja yakawa kitu kimoja. Fundi wa mtaani Majengo au Pasua kule Moshi angeielewa kazi hiyo bila mkalimani. Mbao moja kubwa haipatikani, unaunga tatu.

Ukumbi wetu umefunikwa kwa paa moja la bati la migongo mipana, kutoka upande huu hadi ule, na dari la jipsamu limelazwa mita tano juu ya sakafu. Hakuna katikati iliyopandishwa. Na madirisha ya juu? Yapo, ndiyo kichekesho. Wametengeneza fremu za jipsamu ukutani, juu ya mstari wa nguzo, wakachora mawingu ndani yake, wakapitisha utepe wa taa za bluu. Madirisha ya uongo, juu ya nguzo za uongo. Aliyechora alitazama picha ya basilika akanakili kila kitu isipokuwa sababu.

Matokeo yake tuliyaona mapema. Ilikuwa Februari, na Februari ya Arusha si ya koti. Saa kumi alasiri wapambaji walikuwa wanalowa, krimu ya keki imeanza kuteremka upande mmoja, na feni zote zinazungusha joto lile lile. Kisha umeme ukakatika. Nje jua linawaka hadi huwezi kufumbua macho, ndani tumesimama kwenye giza la kupapasa, mtu na ngazi yake, mtu na maua yake, mpaka jenereta ilipowaka. Katika miaka yangu ya kufundisha sijawahi kupata mfano mzuri hivyo wa kwa nini dirisha liko pale lilipo. Watu wakajaa jioni, ndafu ikakatwa humo humo ndani, na moshi wa nyama na pumzi za watu 500 ukatundama chini ya dari hadi usiku.

Kuna mtu wa kamati aliniambia nimezidi, kwamba basilika ni nguzo, mengine ni maringo ya walimu. Nikampa mfano wa Trier, Ujerumani. Pale pamesimama ukumbi wa enzi za mfalme Constantine wa Roma, mwanzoni mwa karne ya nne, wa matofali, wenye urefu wa mita 67 hivi na kimo cha mita 33. Ndani hauna nguzo hata moja. Una kuta ndefu, madirisha makubwa ya safu mbili, na nusu duara mwisho ambapo mfalme aliketi. Leo ni kanisa la Kiprotestanti, na bado kila mtu anauita basilika. Bila nguzo inawezekana. Bila mwanga wa juu umejenga ghala lenye mapambo.

Niseme haki: mwisho wa ukumbi, pale pa meza kuu, wamefanya kazi ya kusifiwa. Ukuta umekunjwa nusu duara ya kweli, wa tofali, si wa jipsamu, na juu umefunikwa kwa nusu kuba. Kwenye basilika hapo palikuwa mahali pa hakimu. Aliketi juu kidogo, mgongo wake kwenye ukuta wa mviringo, uso kwa watu, na kila aliyeingia alijua mkubwa wa humu yuko wapi. Wakristo walipopata uhuru chini ya Constantine, na wakahitaji majengo makubwa, hawakutaka hekalu la miungu, ambalo lilikuwa nyumba ya sanamu na watu walisali nje kwenye madhabahu ya wazi. Walihitaji ukumbi wa kuingiza umati. Wakachukua basilika, wakaweka mlango upande mfupi ili anayeingia atazame moja kwa moja mbele, na askofu akaketi pale alipokuwa akiketi hakimu. Bwana na bibi harusi wetu waliketi hapo hapo, na kwa kweli walipendeza. Hata pambo la bei ndogo linakaa vizuri kwenye ukuta ule, hamna haja ya kumwaga vitambaa. Mkiwa na mpambaji anayetaka kuufunika wote kwa shifoni, mkatalieni.

Mviringo ule pia unarusha sauti mbele. Baba wa bibi harusi alishika kipaza sauti kikamzimikia, akaendelea kwa mdomo mtupu, na meza za nusu ya mbele zilimsikia vizuri. Nyuma ya hapo, basi. Dari ni laini na pana, sauti ya spika inagonga na kurudi, na mshereheshaji akiongea haraka huambulii kitu. Basilika nazo zilikuwa na matatizo ya sauti. Mahakama ya mirathi ya Roma ilikaa ndani ya Basilica Julia, mabaraza manne kwa wakati mmoja chini ya paa moja. Quintilian, mwalimu wa ufasaha wa zama hizo, anasimulia kuhusu wakili mmoja, Trachalus, aliyekuwa na sauti kubwa kiasi kwamba alizungumza mbele ya baraza moja akapigiwa makofi na yote manne. Tungempata Trachalus tusingekodi spika.

Roshani nayo imenifurahisha. Ni ndogo, ya dijei na mpiga picha, ila iko juu ya mlango na inaona kila kitu. Pliny Mdogo ameacha barua kuhusu kesi aliyoitetea katika mahakama hiyo ya mirathi: mzee wa miaka 80 alileta mke mpya nyumbani, na siku kumi na moja baadaye akamnyima bintiye urithi. Binti huyo, Attia Viriola, akaenda mahakamani. Mahakimu 180, watu wamejaa hadi wamezunguka viti, na ghorofani wanawake kwa wanaume wameinama ukingoni wakitaka kusikia na kuona. Niliposimulia hilo mezani kwetu, akina mama watatu waliacha kula. Mama wa kambo alishindwa, mkitaka kujua.

Kwenye moto sitanii. Kwenye ukumbi wote nilikuta mtungi mmoja wa kuzimia moto, nao uko nyuma ya friji la vinywaji. Milango ni miwili: mkuu, na wa jikoni. Ule wa ubavuni umefungwa kwa kufuli kwa sababu, naambiwa, watu walikuwa wanaingia bila kadi. Wakati huo huo wanakodisha mashine za fataki za kuwasha maharusi wakiingia, na juu ya dari nyaya zimelala wazi juu ya jipsamu. Kenchi ni za chuma, sawa, lakini papi zinazopigiliwa bati juu yake ni za mbao. Historia ya basilika ni historia ya paa kuungua. Porcia ile ya Cato iliteketea mwaka 52 KK, pale wafuasi wa mwanasiasa Clodius walipomchomea maiti yake ndani ya jengo la seneti lililokuwa jirani. Basilika ya Mtakatifu Paulo nje ya kuta za Roma ilidumu tangu karne ya nne, ikaja kuungua Julai 1823, moto ukianzia kwa mafundi waliokuwa wanatengeneza paa. Miaka 1,400 na zaidi, kisha usiku mmoja. Kamati yenu ikikubali ukumbi huu, sharti la kwanza liwe mlango wa ubavuni kufunguliwa na mtu wa kukagua kadi asimame hapo. Mtu mmoja wa elfu thelathini, hamtafilisika.

Ofisini kwa meneja kuna picha kubwa ukutani, ya matao matatu makubwa ya tofali yaliyobaki gofu. Ni Basilica ya Maxentius, mfalme wa Roma. Kumbe mwenye mali anataka kujenga ukumbi wa pili nyuma ya huu, na huo uwe na paa la tao la zege "kama lile". Niliketi. Kijana akaniagizia soda, nadhani aliona sura yangu.

Nilimweleza hivi. Kenchi, iwe ya chuma au ya mbao, ina boriti ya chini inayofunga miguu ya paa isitanuke. Ukiiondoa, paa linateleza na kusukuma kuta nje, kama mtu aliyepanua miguu kwenye vigae vyenye maji. Ndiyo maana Warumi waliweza kufunika mita 25 za Basilica Ulpia kwa mbao na kuweka kuta zake juu ya nguzo tu: kenchi inabonyeza chini, haisukumi pembeni. Tao la zege halina boriti hiyo. Linasukuma mchana na usiku. Maxentius alianza jengo lake yapata mwaka 308, Constantine akalimaliza baada ya kumshinda mwaka 312, na uwanda wake wa kati ulikuwa mita 80 kwa 25, na dari la matao yanayokatana kwenye mita 35 kwenda juu. Ili kuzuia msukumo huo walijenga vyumba vitatu vikubwa vya tao kila upande, na kuta zake nene ndizo zilizoegemewa na dari la kati. Matao matatu ya kwenye picha ni vile vyumba vya upande wa kaskazini. Dari la kati lilianguka zamani.

Na pale mbele ya nguzo za zege palisimama nguzo nane za marumaru, ndefu sana, ambazo kwa macho zilionekana ndizo zinazobeba dari. Ya mwisho iliyobaki ilihamishwa mwanzoni mwa karne ya 17 na Papa Paulo V, akaisimamisha mbele ya kanisa la Santa Maria Maggiore, iko pale mpaka leo. Matao yaliyobaki hayakutikisika. Kwa hiyo mwenye ukumbi akitaka kujitetea kwa nguzo zake za jipsamu, huyo ndiye wakili wake. Ila Maxentius alikuwa na madirisha makubwa juu.

Kijana akauliza kama zege letu si imara kuliko la kale. Ni imara kwa namna nyingine. Zege la Warumi halikuwa na nondo. Halikumiminwa kama letu, lilipangwa: tabaka la mawe, tabaka la udongo wa chokaa, linashindiliwa, tena na tena, huku tofali za nje zikiwa ndizo ukuta na ndizo fomu. Siri yake ilikuwa majivu ya volkano, maarufu yale ya Pozzuoli karibu na Napoli, ambayo yakichanganywa na chokaa na maji hushikana hata mahali penye unyevu. Na sisi tumekaa kati ya Meru na Kilimanjaro tukishangaa ya Italia! Pozolana, ndiyo majivu ya namna hiyo, inachimbwa Holili hapo, inaingia kwenye viwanda vya saruji. Sehemu za juu walipenda kuweka mawe mepesi yenye matundu, yale tunayosugulia visigino, ili dari lisijilemee. Lakini ukubwa wa kuta zinazohitajika kushika tao la mita 11 utakula eneo lote la maegesho. Kama hataki hivyo, aweke nondo na mhandisi aliyesajiliwa apige hesabu, si fundi na picha ya ukutani.

Kisha nikageuza ratiba ya harusi nikamchorea upande wa nyuma kitu cha bei nafuu kwa ukumbi uliopo. Ng'oa jipsamu za nguzo, weka nguzo za zege zenye nondo na msingi wake. Piga mhimili juu yake, pandisha kozi saba nane za tofali za matundu au fremu za vioo vya kufunguka, kenchi fupi katikati, bati likae juu. Paa la pembeni lishuke. Nguzo zitakuwa na kazi, na mtu hatalalamika kufichwa na kitu chenye kazi. Aliikunja ile karatasi akaiweka mfukoni. Akaniita mwalimu tena.

Mengine kwa haraka. Vyoo ni safi na maji yapo, ila vya wanawake ni vinne kwa ukumbi wa watu 500, foleni ilikuwa ya hospitali. Maegesho yanatosha, mlinzi mstaarabu. Jiko lina nafasi, mpishi wetu aliridhika. Vigae vinateleza mno, hasa mbege ikimwagika. Jenereta inachelewa kuwaka, ikishawaka haisumbui. Hawakutukata pesa kwa kiti kilichovunjika, wala hawakutupigia kelele za muda.

Nyota tatu kati ya tano. Ya nne ingekuja na madirisha.

Mkiuchukua, chukueni Juni au Julai. Vitruvius anasema basilika ikae upande wenye joto kuliko pote kando ya uwanja wa mji, ili wafanyabiashara wakutane majira ya baridi bila kuteswa na hali ya hewa, na ule ukumbi wa Trier ulipashwa moto kutoka chini ya sakafu. Arusha ya Julai, na ukungu wake wa asubuhi na wazee wenye makoti mawili, ukumbi usiotoa joto ni neema. Februari au Desemba, ombeni punguzo au kodisheni mashine za hewa nje ya bei hiyo. Meza za wazee zisipangwe nyuma ya nguzo ya pili, ya tatu na ya nne upande wa kushoto. Keki ibaki jikoni hadi muda wake. Na kabla ya kulipa kianzio, mwambieni meneja awafungulie kufuli la mlango wa ubavuni mkiwa mmesimama pale pale mnaona.